Vyumba Kumi na Viwili vya Verlene

Verlene Stubblefield hakuwa mtu wa kushindwa na jirani. Mwaka 1956, yeye na marehemu mumewe walipoinunua moteli ya vyumba kumi na viwili pale Palo Seco, New Mexico, Barabara ya 66 ilipita mlangoni kabisa, na magari ya waendao California hayakukatika. Shida ilikuwa moja tu: ng'ambo ya barabara alikuwako Dub Ketchum, mgane mwenye moteli yake na, balaa zaidi, bwawa la kuogelea.

Dub alibandika herufi kubwa kwenye bango lake: BWAWA LA MAJI BARIDI. Verlene, asiye na bwawa, aliwaza siku nzima huku akikunja mashuka, kisha akapanda ngazi na kubandika: HAPA HAKUNA VYURA.

Kabla jua halijatua, magari matatu yalikuwa yamekata kona kuingia kwake. Dub akavuka barabara, uso umemwiva.

"Verlene, chura ameonekana lini kwenye bwawa langu?"

"Kwani nimesema kwako kuna chura? Nimesema kwangu hakuna."

"We mama una roho mbaya!"

"Na vyumba vinajaa."

Wakaendelea hivyo miaka na miaka. Dub alipoleta televisheni, Verlene alinunua vitanda vya umeme, vile vya kutumbukiza sarafu vikamtikisa mgeni kumtoa uchovu. Cha chumba namba saba kilimtikisa mchungaji mmoja wa Tulsa saa nzima, kikakataa kuzimika. Mchungaji alitoka nje viatu mkononi.

"Mama," alisema, "hata dhambi zangu za utotoni nimezikumbuka."

Dub, aliyekuwa akisikiliza kutoka ng'ambo, alicheka hadi akakaa chini.

Kisha ikaja barabara kuu mpya, pana, ikaukwepa mji kwa maili mbili. Ilifunguliwa Jumanne asubuhi. Saa sita mchana Verlene alitoka na ufagio, akatazama mashariki, akatazama magharibi. Kimya. Mbwa alikuwa amejilaza katikati ya lami, hana wasiwasi. Dub akaja na viti viwili, akaviweka kando ya mbwa, wakakaa.

"Sasa tutawagombania akina nani?" Dub akauliza.

"Mimi nitagombana na wewe tu." Lakini akageuza uso kama anayefukuza nzi.

Mwaka ule Dub aliuza mashuka yake na nusu ya vitanda. Verlene hakuuza kitu. Kila asubuhi alitandika vyumba vyote kumi na viwili, ingawa alijua vitalala vitupu.

Msimu wa pili wa baridi, theluji iliifunga barabara kuu mchana kweupe. Polisi wakaanza kuyashusha magari yote njia ya zamani: malori, familia zenye vichanga, na basi zima la kwaya ya wastaafu. Verlene akakimbia kuvuka barabara, theluji magotini.

"Dub! Washa moto vyumba vyote!"

"Sina hata shuka moja, Verlene."

"Mimi ninayo mpaka ya kugawa. Njoo ubebe, acha kunikodolea macho!"

Watu zaidi ya mia walikaa siku tatu. Walilala wanne wanne, wengine ndani ya mabafu. Verlene alipika maharage na pilipili za kijani kwenye sufuria la kufulia, na wazee wa kwaya wakamenya viazi huku wakiimba. Theluji ilipoyeyuka, kiongozi wao, Bi Leota, akamwuliza kama wanaweza kurudi siku nyingine kwa hiari yao.

"Karibuni sana. Ila yule wa sauti ya besi akalale kwa Dub. Anakoroma!"

Walirudi kila mwaka, wakawaambia wengine. Dub akafunga vyumba vyake, akabaki na bwawa, na wageni wa Verlene wakawa wanaogelea kwake. Watu walipouliza kuhusu ndoa, Verlene alicheka. "Nimfulie bure? Abaki jirani."

Mwaka 1991 magoti yalimgomea, akaiuza moteli kwa Kusumben Bhakta na mumewe, watu wa Gujarat. Aliwauzia vyumba kumi na kimoja tu. Namba mbili akabaki nacho, akinywa chai yao ya tangawizi kila asubuhi na kuwaelekeza, bila kuombwa, namna ya kukunja mashuka.