Mama Yake Evaline

Mwaka 1988, siku ya nne baada ya kumzika mume wake, Efrazia alitolewa shambani kwake karibu na Basotu. Shemeji yake, Bura, alitaka kumrithi. Alipokataa, vyombo vyake vikawekwa nje. Mdogo wake Efrazia, Gaudensia, alikuwepo, naye alikuwa ameolewa kwenye ukoo huohuo. Mume wa Gaudensia alimtazama mkewe mara moja tu, naye Gaudensia akaelewa, akanyamaza. Alimpokea dada yake mtoto aliyekuwa mgongoni, basi.

Efrazia alihangaika msimu mzima wa baridi, akilala penye nafasi. Homa ya mapafu ilimkuta kwenye kibanda cha kuazima. Walipomfikisha hospitali ya Haydom hakuwa anasema tena.

Tangu hapo Gaudensia humwona. Wala si ndotoni. Ni asubuhi akipalilia, ukungu unapoinuka mlimani: mwanamke amesimama mpakani mwa shamba, amempa mgongo, mikono mitupu. Padri alishamwombea. Mume alisema ni uchovu.

Mtoto yule ni Evaline. Gaudensia alimlea, akamwambia mama yake alikufa kwa ugonjwa.

Mwaka 2004, Manyara ukiwa bado mkoa mpya, kijiji kiliunda baraza la ardhi. Sheria ilitaka watu saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Gaudensia akachaguliwa. Shauri la kwanza lilikuwa la mjane Mectilda: shemeji yake, Margwe, alidai shamba ni la ukoo, mjane arudi kwao. Wazee wawili walishaanza kumwitikia Margwe. Gaudensia aliinuka. Nyuma ya watu, mlangoni, aliuona mgongo ule.

“Margwe,” akasema, “huyu mama amelima pale miaka kumi na miwili. Ukimtoa aende wapi? Tutajie mahali, tuandike.”

 Jioni Margwe akakubali yaishe, na Mectilda akabaki kwake.

Evaline, aliyekuwa likizo ya kidato cha tatu, alisikiliza yote dirishani. Njiani akacheka.

“Mama mdogo, kutwa nzima kwa jambo la wazi hivyo? Shamba si lake? Hizi haki za wanawake mnazikuza tu.”

Gaudensia alisimama katikati ya njia. Akamweleza yote, tangu vyombo kuwekwa nje hadi kile kibanda, na ukimya wake mwenyewe hakuuficha.

“Kwako ni wazi,” akamwambia. “Nashukuru ni wazi. Mama yako alikufa kwa sababu halikuwa wazi kwa mtu yeyote. Hata kwangu mimi.”

Evaline hakulia. Aliomba apelekwe akalione shamba. Wana wa Bura walikuwa wamelipanda ngano, na nyumba ilishabomolewa, pamebaki mawe ya msingi. Binti alizunguka mpaka wote polepole, akigusa mimea kwa vidole, kisha akarudi penye mawe.

“Na wewe ulikuwa umesimama wapi?”

Gaudensia akamwonyesha. Palikuwa karibu mno na ulipokuwa mlango. Angenyoosha mkono angemshika dada yake.

Siku tatu Evaline hakumsemesha. Ya nne alimwamkia shikamoo, akauliza kikao kingine ni lini, na kama msichana wa umri wake anaruhusiwa kuingia ndani.