Hetal Yuko Stesheni

Haifa hakuwa mtu wa kuogopa kazi. Tangu aanze kuangalia wazee hapa London ameogesha, amelisha, ametukanwa asubuhi na kuombewa dua jioni, yote kayabeba. Kilichomshinda ni kusema uongo. Na wiki hiyo uongo wa watu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki changu.

Mzee wake alikuwa Bi Kusum wa mtaa wa Stanmore, Mhindi mzaliwa wa Wete, Pemba, na Kiswahili chake ni cha Wete hasa. Ndiyo maana Haifa alikuwa radhi kupanda treni mbili kutoka kwake Ilford kumfuata. Kwa Bi Kusum alijiona yuko kwao.

Mwanawe Bi Kusum, Dinesh, alikuwa amesafiri Marekani na mkewe. Binti yao Hetal ni injinia, naye alichaguliwa kwenda angani na wenzake watatu, kila mmoja na nchi yake, ndani ya chombo cha kampuni ya watu binafsi. Kabla ya kuondoka London kwenda kumuaga, Dinesh alimvuta Haifa jikoni.

"Mama moyo wake mbovu. Tumemwambia Hetal kapata kazi stesheni. Muache hivyo hivyo mpaka mtoto aingie salama."

Stesheni! Dinesh alikuwa na maana ya kile kituo cha angani kinachoizunguka dunia. Lakini marehemu mume wa Bi Kusum, Mzee Ratilal, alikuwa mkuu wa stesheni ya reli Voi, na kwa Bi Kusum hakuna stesheni isiyo na treni. Stanmore nayo inayo ya kwake, mwisho wa mtaa, hata jasho hulitoi kufika. Bibi wa watu akajua ndiyo hiyo, akafurahi, mjukuu kamrithi babu! Kila mchana akawa anakanda chapati za uwatu, anazifunga.

"Mpelekee Hetal. Mwambie azile zingali moto."

Haifa akitoka nazo, akizunguka mtaa, akirudi na salamu za kubuni. Chapati zikiishia Ilford kwa mwanawe Suhaib, na kila akimuona mtoto anatafuna, yeye hata kuonja hawezi.

Alhamisi chombo kilikuwa kimesharuka tangu jana yake, baada ya kuahirishwa mara mbili, na mchana huo kilikuwa kinakikaribia kituo. Haifa alikuwa na simu kwenye mfuko wa aproni, inaonyesha safari hiyo moja kwa moja. Anafuta meza, anachungulia. Anakunja nguo, anachungulia. Aliunguza maziwa.

"Una nini leo wewe? Umekalia upupu?" Bi Kusum akamuuliza.

"Sina kitu, Bibi."

"Basi nivalishe viatu. Leo nakwenda mwenyewe. Hatua kumi hizi, mtoto haji hata kunisalimia! Nikamuulize nimemkosea nini."

Haifa akapiga magoti na viatu mkononi. Mguu mmoja ukaingia. Wa pili mikono ikagoma. Akamuwaza bibi huyu kwenye geti la tiketi, anamuita Hetal, watu wanampita.

"Bibi, Hetal hajakusahau. Ile si stesheni ya treni."

"Ya nini basi? Ya mabasi?"

"Ya juu."

"Juu wapi? Ghorofani?"

Haifa akanyoosha kidole dirishani, mbinguni. Kisha akaitoa simu.

Bi Kusum alitazama muda mrefu. Kile chombo cheupe kilikuwa kinatambaa gizani, kidogo mno, hakina hata sauti.

"Humo ndani yumo mtoto wangu?"

"Yumo."

"Cha serikali?"

"Cha kampuni, Bibi."

"Kampuni! Kama teksi!" Akamgeukia, macho makali. "Na chapati zangu ulimpa nani?"

"Kala Suhaib wangu. Nisamehe."

"Chumvi ilikuwa sawa?"

"Sawa, Bibi."

"Haya. Uongo wenu tutauzungumza baadaye. Kwanza huyu."

Kwenye simu chombo kikasimama. Mbele yake kituo kipo, karibu kabisa, na chombo hakisogei. Haifa akamshika bibi kifundo cha mkono, kumbe anatafuta mapigo bila kujijua.

"Mbona kimesimama?" akanong'ona Bi Kusum.

"Wanasema wanangoja ruhusa."

"Aa." Mabega yakamshuka kidogo. "Stesheni haijakubali. Treni haiingii mpaka stesheni ikubali. Ratilal akiiacha nje inapiga honi mpaka ichoke. Kuna watu huko wa kuwapokea?"

"Wapo. Walitangulia."

"Basi wangoje."

Wakangoja. Kikasogea tena, kikagusa, kikanasa. Lakini mlango haukufunguliwa, wanapima hewa isivuje, na kupima kwenyewe hakuishi. Haifa akampigia jirani yake Njeri amchukue Suhaib kutoka shule ya nasari, yeye atachelewa. Bi Kusum alizunguka kochi na kiatu kimoja, akikataa kukaa, akikataa chai. Mwishowe mlango ukafunguka, na wa pili kutoka akawa Hetal, kichwa chini miguu juu, anacheka.

"Mwambieni afunge nywele!" Bi Kusum akapiga kelele, machozi yanamtiririka. "Zitamwingia mtu machoni!"

Simu ikalia papo hapo. Dinesh. Bi Kusum akainyakua.

"Nimeona. Nimeona yote. Haifa kaniambia, na ukimgusa kwa neno moja mimi nahamia Ilford. Moyo wangu hauvunjwi na habari, Dinesh, unavunjwa na kufichwa. Na kushuka je? Wanashuka vipi huko?"

Hakungoja jibu. Akamrudishia Haifa simu, akaenda dirishani kutazama juu, mchana kweupe, kama mtu anayeweza kukiona chombo.

Haifa akaiweka simu sikioni. Alikuwa tayari kwa lolote, hata kuambiwa asirudi kesho.

"Amekula?" Dinesh akauliza.

"Hajala. Hata kukaa hataki."

"Mwambie," akasema, "na mimi sijala tangu mtoto aruke jana."