Mafuta ya Leleshwa Jichoni

Wapendwa, tazameni tu huu upande wa uso wangu, msione haya. Mimi mwenyewe nimeshauzoea.

Jina langu ni Basilisa, mkulima wa mahindi na ngwara, jamii ya maharage, hapa Karatu. Kabla ya ajali nilikuwa mwanamke wa mbio mbio, mdomo mkali, mikono haitulii. Mimi, mama mkwe wangu na rafiki yangu Nashipai, Mmasai wa Olbalbal, tulikuwa tunakamua mafuta ya leleshwa. Ni kile kichaka cha majani ya kijivu yanayonukia, ambayo Wamasai huyaweka kwapani. Majani yanachemshwa kwenye pipa, mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa katika maji baridi, na mafuta yanaelea juu ya maji yanayodondoka. Tulikuwa tunawauzia watu wa hoteli za watalii.

Kifuniko cha pipa huzibwa kwa unga uliokandwa. Mvuke ukizidi, unga hupasuka wenyewe. Siku hiyo unga ulikuwa umetuishia. Nashipai akachukua samadi na majivu, akakandika kifuniko kama anavyokandika nyumba yake, tena kwa ufundi. Tukakaza na waya. Kumbe kule ndani majani yalikuwa yameziba bomba.

Nilikuwa nimeinama kuchochea kuni pipa lilipolipuka. Kifuniko kilinipiga taya, meno yakaruka. Maji ya moto yakanimwagikia usoni, shingoni, kifuani. Nilipojifuta, ngozi ya shavu ilibaki kiganjani mwangu. Nilipiga yowe mpaka ng'ombe wa jirani wakakata kamba.

"Lete yale mafuta!" mama mkwe akapiga kelele. "Majani tu yanaponya kidonda, mafuta je?"

Tangu utoto wake aliona vidonda vikioshwa kwa maji ya majani hayo. Alitaka kuniokoa. Akanimiminia chupa yote usoni, na mengine yakaingia machoni.

Jamani, kumbe yale maji ya moto yalikuwa mchezo tu! Nilihisi naungua mara ya pili, kuelekea ndani. Nikamkamata mama mkwe shingoni nikamkaba. Nilitaka afe, siwafichi. Nashipai alining'ata mkono ndipo nikamwachia, nikaanguka, natema damu.

Hospitalini walinishikilia miguu na mikono daktari akinimwagia maji machoni, maji, maji. Nesi mmoja nilimpiga teke la tumbo.

"Jani moja lina mafuta kidogo mno," daktari aliniambia nilipotulia. "Nyie mmekusanya nguvu ya magunia mazima mkaitia kwenye chupa. Hayo hayamwagwi hivi hivi kwenye jeraha, sembuse jicho."

"Nitaona?"

"Bado sijui, mama."

Wakanifunga macho yote mawili. Usaha ulinuka, na kila bandeji ilipobanduliwa iliondoka na nyama. Mume wangu Daudi alikuja akasema, "Mama hali chakula. Anasema amekupofusha."

"Mwache afe njaa!" nikamjibu. Nilikuwa namchukia kweli kweli.

Siku ya kufunguliwa, jicho la kulia lilikuwa ukungu mtupu. La kushoto likaona mwanga, kisha dirisha, kisha mama mkwe. Alikuwa amesimama mlangoni, khanga ameizungusha shingoni.

"Unaniona, mwanangu?"

"Nakuona, mama. Sogea basi."

"Hutanikaba?"

"Leo sina nguvu."

Tukacheka, kisha tukalia mpaka nesi akatukemea.

Jicho la kulia halikurudi. Namshukuru Mungu kwa hili moja, namshukuru daktari, na yule nesi niliyempiga teke. Ninyi mnaokamua mafuta, zibeni kwa unga, na kama unga hakuna, pumzikeni siku hiyo. Mtu akiungua, mmwagieni maji safi ya baridi, mumkimbize hospitali. Msimpake mafuta yenu hata kama yananukia vipi.

Sisi bado tunakamua. Mama mkwe hachochei tena moto. Anasimama kando ya pipa na fimbo, na ole wake atakayeshika waya. Juzi niliinamisha uso karibu na kifuniko, akanichapa mgongoni hadi nikapiga magoti. Nikageuka na hasira zangu zote. Nikamwona anatetemeka, fimbo bado iko juu.

"Asante, mama," nikamwambia.