Sawa ya Lyle

Tangu Verna Hostetter achomoe waya mkubwa wa umeme kwenye nguzo ya nje, joto lilikuwa likijazana ndani ya trela kana kwamba limealikwa. Kiyoyozi cha kwenye paa kilikuwa kimya. Kifuniko chake kilikuwa mezani, skrubu zake ndani ya bakuli la uji, na nyaya zikining'inia darini. Chini ya nyaya hizo, kitandani, alilala mumewe Lyle, ambaye hakuweza kuinuka na hakuweza kusema ila neno moja.

Neno lenyewe lilikuwa "sawa." Kiharusi kilipompiga mwezi wa tatu kilichukua upande wote wa kulia na maneno yote, kikamwachia hilo. Una njaa? Sawa. Unaumwa? Sawa. Na huyu ni mtu aliyeezeka mapaa Iowa maisha yake yote, mwenye tusi lake maalumu kwa kila msumari uliopinda.

Walikuwa wameuza nyumba ili wazunguke nchi na trela. Walifika Quartzsite, jangwani Arizona, kupitisha majira ya baridi tu, kama maelfu wengine ambao wenyeji huwaita ndege. Ndege walisharudi kaskazini. Kiangazi hubaki pale wale wasio na pa kurukia, na Verna, aliyekuwa akiuza katika duka la kituo cha mafuta ili wapate kula, alikuwa mmoja wao.

Kisa cha nyaya hizo kilikuwa hiki. Kitufe cha kiyoyozi kilikuwa darini, Lyle hakifikii. Kila alfajiri Verna akienda kazini alikizungusha mpaka mwisho wa baridi, akakunja mablanketi yote kabatini, akauliza, "Uko sawa, mpenzi?" akajibiwa sawa, akaondoka. Wiki iliyopita kiyoyozi kiliganda barafu kwa kufanya kazi bila kupumzika, kikaacha kupuliza. Aliporudi mchana alimkuta Lyle mwekundu, midomo imekauka, macho yamegeukia juu. Gari la wagonjwa lilimuwahi.

Binti yao Janelle alipiga simu kutoka Phoenix. "Mama, mimi sitaki kugombana. Jumamosi nakuja. Nikikuta kitu kinachojizima na kujiwasha chenyewe, haya. Nisipokikuta, naondoka na baba. Kuna nyumba ya wazee, nimeshaongea nao."

Basi leo ndiyo Jumamosi, na Janelle alikuwa njiani. Verna alikuwa amenunua kidhibiti-joto cha ukutani, chenye namba na vitufe, kinachowasha na kuzima kiyoyozi chenyewe.

Gus Tarkington, jirani wa trela ya pili, alikuwa amekuja kusaidia. Alikuwa fundi wa malori kabla ya kustaafu, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau hilo. Alimkanda Lyle kwa taulo lenye maji huku akitoa amri.

"Hicho cha ukutani kiweke juu, bibie. Usawa wa mabega ya mtu."

"Mabega ya mtu gani?" Verna alimkata kauli. Alipiga magoti kando ya kitanda, akatoboa ukuta pale mkono wa kushoto wa Lyle unapofika. "Aliyesimama hapa ni wewe, na wewe huishi humu."

"Haya, mama mkali."

Kilibaki kisanduku kidogo cha darini, kile kitakachopokea amri kutoka ukutani. Kilitaka moto wa betri, nao ulikuwa kwenye nyaya mbili za taa, moja nyeusi na moja nyeupe. Verna alizishika, jasho likimchuruzika machoni. Karatasi ya maelekezo ilikuwa imelowa, haisomeki.

"Nyeusi ni ya bodi, ile inayofungwa kwenye chuma cha gari," Gus alisema. "Nyeupe ndiyo yenye moto."

"Una uhakika?"

"Bibie, gari lolote duniani, nyeusi ni bodi. Na hili lina magurudumu au halina?"

"Sawa," Lyle alisema kitandani. Alipiga ukuta kwa ngumi ya kushoto. "Sawa! Sawa!"

"Umemsikia bwana mwenyewe."

Verna alikuwa na haraka, na mwenye haraka husikia anachokitaka. Alifunga nyaya alivyoambiwa, akarudisha fyuzi mahali pake. Ikalia tap, ikafa. Hakuwa na nyingine.

Bati la paa lilikuwa likilia kwa jua. Uso wa Lyle ulianza kuwa mwekundu ule ule wa wiki iliyopita. Nitamuua kwa mikono yangu, Verna alijiambia, kwa kutaka abaki nami.

"Tumpeleke dukani kwenu kwenye baridi," Gus alisema, sauti imepungua.

"Abebwe na nani? Wewe na mgongo huo?" Alimtazama mumewe. Ngumi ilikuwa bado imekunjwa, imebanwa ukutani mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. Mtu anayekubali hakunji ngumi. Miaka yote ya ndoa, Lyle akikataa jambo alikuwa anapiga meza kwanza, ndipo matusi yafuate.

Verna alizikata nyaya, akazivuta mpaka zikamfikia mumewe usoni. "Lyle. Ya bodi ni ipi?"

Mkono wa kushoto uliinuka, ukapita nyeusi, ukashika nyeupe. Akaivuta pembeni akaigusisha kwenye chuma cha dirisha, akamtazama mkewe bila kupepesa.

"Sawa," alisema, taratibu.

"Nyeupe?" Gus alikuna kichwa. "Hili trela lilitengenezwa na wajenzi wa nyumba nini? Kwao ndiko nyeusi ina moto."

"Kalete fyuzi, Gus."

"Nitoe wapi?"

"Lori lako lina redio, na redio ina fyuzi. Nayo inalia nyimbo za kuachwa tu mchana kutwa. Kalete!"

Aliileta, analalamika njia nzima. Verna alibadilisha nyaya, akasukuma fyuzi, akafumba macho. Haikulia. Gus alitoka kurudisha umeme wa nguzo. Namba ziliwaka ukutani, lakini kiyoyozi kilikaa kimya, kwani mashine hizi hujishauri kwanza, na wakati inajishauri Verna alisikia matairi ya gari yakisaga kokoto nje.

Ndipo juu kukanguruma, hewa ikashuka.

Verna aliketi sakafuni, akabonyeza kile cha ukutani mpaka kwenye baridi kali, kama alivyozoea. Lyle alinyoosha kidole cha kushoto. Akabonyeza kupandisha. Namba moja, ya pili, ya tatu. Alisubiri hewa ipoze chumba, kisha akapandisha tena, mpaka mngurumo ukakatika wenyewe, naye akavuta pembe ya shuka mpaka shingoni.

Verna alimwangalia, na taratibu jambo likamwingia. Upepo wa dari ulimshukia Lyle kifuani kila alfajiri, mablanketi kabatini, na yeye mlangoni na ufunguo mkononi akiuliza.

"Ulikuwa unasikia baridi," alisema. "Miezi yote hii. Lyle, ulikuwa unatetemeka na mimi nakuacha." Alilia waziwazi, bila kujificha, huku akifungua kabati kutafuta blanketi.

Janelle alikuta mama yake analia na baba yake amefunikwa blanketi katikati ya kiangazi. Alitazama kile cha ukutani, akatazama dari iliyojaa utepe mweusi wa kufungia nyaya. Hakuridhika, na uso wake haukuficha. Akainama kitandani.

"Baba, mama amechoka. Unaona mwenyewe. Twende Phoenix, ukae penye wauguzi. Si ndiyo?"

"Sawa," Lyle alisema.

Janelle alimgeukia mama yake, macho yamejaa machozi ya ushindi asioufurahia. "Amesema mwenyewe."

"Usisikilize mdomo," Verna alisema. "Angalia mkono."

Ngumi ya kushoto ilikuwa imeshainuka. Ilipiga ukuta kando ya zile namba, ikapiga tena, mpaka vikombe vya kabatini vikagongana.