Vyakula Alivyokatazwa Mwanasha

Mwanasha wa Bongwe alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne mimba yake ya tatu ilipotimiza miezi mitatu bila kuharibika. Mbili za mwanzo zilitoka kabla hata majirani hawajajua, na kila moja aliililia kimya kimya jikoni, huku akikanda unga wa mahamri, kwa kuwa wateja wa asubuhi hawana habari kwamba mpishi amefiwa. Hii ya tatu alikuwa akiogopa hata kuitaja. Alimwambia mumewe, Alamin, kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu wa tatu chumbani ambaye asingefaa kusikia.

Alamin alikuwa mtunza bustani katika nyumba za wageni kule Tiwi, mtu wa maneno machache. Siku hiyo alitoka uani akafagia majani yaliyokwisha kufagiwa, kisha akarudi akamuuliza mkewe kama ana njaa.

Nyumba ilikuwa ya mama yake Alamin, Bi Maimuna, mjane aliyependa mambo yaende kwa utaratibu. Alipopewa habari alitia udhu, akasali rakaa mbili, kisha akakaa kwenye kigoda na kumtajia mkwewe vya kuacha. Mayai asiyaguse, mtoto asije akakua kupita kiasi tumboni na kuzaliwa kwake kukawa shida. Pweza asile, mtoto asije akakosa mifupa ya kusimamia. Papai asilitie mdomoni, bichi wala bivu. Na nanasi ndilo baya kuliko yote, kwani hilo, alisema Bi Maimuna, hufungua mlango kabla ya saa yake. Badala ya hayo alimpikia kwa mikono yake papa mkavu kwa tui zito, akamwekea minofu mizuri na kukaa naye mpaka amalize.

Wiki hiyohiyo Mwanasha alikwenda kliniki. Muuguzi aliyempokea aliitwa Faith, msichana wa bara aliyeletwa Kwale na kazi, mchangamfu, mwenye kuandika haraka huku anazungumza. Naye akampa yake. Ale mayai, maharagwe, mboga za majani na samaki wadogo. Papa amwache, kwa sababu samaki wakubwa hukusanya zebaki mwilini, na hiyo humdhuru mtoto. Udongo je? Mwanasha aliona haya, akakiri kwamba alikuwa akiutafuna kidogo kidogo. Faith alimwambia auache siku hiyohiyo. Lile la nanasi Mwanasha aliliuliza mwenyewe, na Faith akamjibu kwamba kipande hakina neno, ni tunda kama matunda mengine.

Mwanamke mwingine angechagua upande mmoja. Mwanasha hakuweza. Aliyekwisha kupoteza mara mbili hana ujasiri wa kubishana na mtu yeyote anayemwonya, na kila onyo lilimwingia kana kwamba ndilo la kweli. Basi akaacha vyote. Alichokataza mkwewe aliacha, na alichokataza Faith aliacha vilevile. Yule papa alimtia mdomoni Bi Maimuna akiwapo, na mkwewe akigeuka alimtupia paka. Hata maharagwe na samaki wadogo akaanza kuviogopa, na kilichobaki kilikuwa sima, mboga ya mchunga, viazi vitamu na chai ya rangi. Alikula hivyo miezi miwili, akajiona amefanya salama kuliko wote.

Mwezi wa tano akaanza kuona kizunguzungu mbele ya karai la mafuta. Kliniki walimpima damu, na Faith akaiangalia ile karatasi muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Mama, wewe unakula nini hasa?"

Mwanasha akamweleza yote, pamoja na papa wa paka. Alitarajia kuchekwa. Faith hakucheka. Alifunga daftari, akavuta kiti karibu.

"Damu yako imeshuka sana. Ukijifungua hivi, mimi nitakuwa naogopa kwa ajili yako. Kula mayai, tafadhali. Hata kama ni kwa kujificha."

Alamin ndiye aliyeyaleta. Kila jioni alirudi kutoka Tiwi na mayai mawili yaliyozungushiwa kitambaa ndani ya mfuko wa koti la kazi, na alfajiri Mwanasha aliyatia kwenye sufuria ya mbaazi yachemke humo humo. Aliyala amesimama nyuma ya jiko, akayafukia maganda penye mihogo. Hawakulizungumza jambo hilo hata siku moja. Lakini ikawa kila Alamin akiingia mlangoni, mkono wake hutangulia kugusa mfuko, na Mwanasha akiuona mkono ule moyo wake hutulia. Katika ndoa yao ya miaka tisa hakuna wakati waliokuwa karibu kama ule. Damu ikapanda. Mashavu yakajaa. Bi Maimuna aliwaambia wageni kwamba papa ndiye papa, na Mwanasha akainamisha uso.

Mimba ilipokuwa ya miezi saba na nusu, walitoka kliniki wawili, Alamin ameomba ruhusa kazini. Habari zilikuwa njema: mtoto anacheza, moyo wake unakwenda vizuri. Pembeni mwa barabara palikuwa na mwuza matunda na mkokoteni wa mananasi yaliyoshushwa kutoka Shimba Hills, na harufu yake ikamfikia Mwanasha kabla hajayaona. Alisimama. Alamin naye akasimama.

"Unalitaka?" akauliza.

"Mama amekataza."

"Muuguzi je?"

"Amesema kipande hakina neno."

Alamin akaazima kisu cha mwuzaji. Alilimenya mwenyewe, taratibu, akiyatoa macho yake moja moja kama mtu anayetoa miiba mguuni mwa mtoto, akalikata vipande na kuvinyunyizia chumvi na pilipili. Wakakaa kwenye ukuta mfupi wakala, maji ya nanasi yakiwatiririka mpaka viwikoni. Mtoto alipiga teke, na Mwanasha akauchukua mkono wa mumewe, unaonata vile vile, akauweka tumboni. Alamin alicheka. Alikuwa na kicheko cha kivulana ambacho watu wengi hawakukijua.

Siku ya nne yake, Jumatano, Mwanasha akisukuma mahamri, alitambua kwamba tangu jana hakusikia kitu. Alikunywa maji ya baridi. Akalala ubavu. Akasubiri. Kisha akafunika unga, akajitanda buibui na kwenda hospitali peke yake, kwa kuwa kumwita Alamin kungekuwa ni kukubali.

Daktari alipitisha kile chombo juu ya tumbo kutoka upande huu hadi upande ule, akarudia, akaita mwenzake. Mwenzake naye akakipitisha, kisha akakizima. Kesho yake mchana Mwanasha alizaa mtoto wa kike, mzima wa viungo vyote, mwenye masikio ya Alamin, na asiye na pumzi. Mkunga alimuuliza kama angependa kumshika. Alimshika. Alimfunua vidole akavihesabu, akavifunika tena.

"Nilikula nanasi," alimwambia mkunga.

Mkunga, mwanamke wa makamo ambaye siku ile alikuwa ameshazalisha wengine watatu, alikaa ukingoni mwa kitanda. Alimwonyesha kitovu. Kilikuwa kimejifunga fundo, fundo kamili kama la kamba, nalo lilikuwa limekazika. Mtoto huogelea, akapita katikati ya kitanzi chake mwenyewe, na siku moja akikivuta kinakaza.

"Nanasi halifungi kitovu, mama. Wala si kwa ulichokula wala ulichoacha. Nakuapia."

Alamin naye alioneshwa. Aliitikia kwa kichwa kwa heshima, akashukuru, akambeba binti yake ndani ya sanda ndogo kwenda kumzika pamoja na wanaume wa mtaa.

Waliporudi kutoka makaburini ndipo alipomwambia mama yake habari ya lile nanasi. Hakuwa na nia mbaya. Kifua chake kilikuwa kimejaa, na mtu wa kumwambia alikuwa yule aliyemzaa. Lakini walikuwepo waliosikia. Siku ya pili mmoja wa wanawake waliokuja kutoa pole aliinama kwenye sikio la Mwanasha, akamuuliza kwa huruma kabisa kama ni kweli habari ya nanasi. Mwanasha alitazama mlangoni, mahali viatu vya mumewe vilipokuwa, na akahisi kama amevuliwa nguo mbele za watu.

Alingoja Bi Maimuna amlaumu. Siku tatu zikapita, tano, kumi. Mkwewe alimkanda kwa maji ya moto, akamfunga mkaja tumboni, akamnywesha uji wa pilipili manga, na lawama haikuja. Mwishowe Mwanasha ndiye aliyeshindwa.

"Mama, nisamehe. Ulinikataza, nami nikala. Na mayai nilikula."

Bi Maimuna aliendelea kukamua kitambaa.

"Kabla ya Alamin nilizaa wawili," akasema. "Wote walizaliwa hivyo hivyo, kimya. Sikula yai. Sikula pweza. Nanasi sijalionja mpaka leo hii. Miiko yote niliishika, mwanangu."

Mwanasha alimtazama. Miaka tisa chini ya dari moja, na hakuwahi kuwasikia hao wawili.

"Basi kwa nini ulinikataza?"

"Nikupe nini? Sikuwa na kingine."

Alikitandika kile kitambaa cha moto tumboni mwa mkwewe, akakigandamiza kwa viganja viwili, na wote wawili wakalia, kila mmoja akiwalilia wake.

Mtu angedhani hapo ndipo jeraha lingeanza kufunga. Kwa wanawake hao wawili lilianza. Kwa Alamin halikuanza. Hakumlaumu mkewe hata kwa jicho, na neno la nanasi hakulitaja tena. Aliacha tu kula naye. Mwanzoni alisema ameshiba, wenzake wa Tiwi wamepika. Kisha akaacha hata kusema. Alirudi, akasalimia, akaoga, akalala.

Baada ya miezi minane, Ijumaa moja waliporudi wanaume kutoka msikitini, Mwanasha alimwandalia wali na samaki tasi wa kukaanga, akakaa mlangoni asiweze kupita.

"Uliliona lile fundo," akamwambia. "Tuliliona sote wawili."

"Nililiona."

"Na unaamini?"

"Naamini." Alamin alikaa chini, mbali na sinia. Alivigeuza viganja vyake akavitazama. "Lakini nikikaa na wewe mbele ya chakula, mikono hii naiona inamenya. Sijui niifanyeje, Mwanasha."

Alitaka kumwambia kwamba siku ile kwenye ukuta ilikuwa siku njema kuliko zote alizopata kuishi, na kwamba mtoto wao aliionja, akapiga teke. Aliogopa maneno hayo yasije yakamwongezea uchungu. Akaondoka mlangoni, akampisha.

Mahamri anauza mpaka leo. Faith alihamishwa, na kliniki Mwanasha hajarudi, hana sababu. Kila jioni humpakulia Alamin sehemu yake, akaifunika kwa kawa na kuiweka mezani upande aliozoea kukaa. Asubuhi huikuta ilivyokuwa. Huipasha moto, na yeye na Bi Maimuna hukaa mkekani wakaila pamoja.