Chumba cha Mama Juu ya Bomba

Chumba cha mama tulikijenga upande wa majani kwa sababu upande ule ndio ulikuwa mtupu. Sababu nyingine hatukuwa nayo. Leo watu wanasema tulikuwa wakaidi. Wanaosema hivyo hawakuwepo, na waliokuwepo wamenyamaza, kwa hiyo naandika mimi niliyeishia darasa la nne.

Nyumba yenyewe haikuwa na kosa. Mimi na mume wangu tulinunua kiwanja pembezoni mwa mji, huku wilaya ya Serengeti, baada ya kutolewa na moto kule Tarime. Koo mbili zilipigana, na sisi tuliokaa katikati tukachomewa. Nilitoka na mama mgongoni na sufuria mkononi. Ile sufuria mpaka leo sijui niliibebea nini. Tangu hapo miguu ya mama haikurudi kuwa miguu. Kaka zangu wakaenda kwenye machimbo ya dhahabu, simu zao zikaacha kupokelewa. Mama akabaki wangu. Nikamwahidi nyumba ya tofali za kuchoma na bati, ambayo mtu akija na kibiriti ataondoka nacho.

Wakati tunajenga alikaa kijijini Machochwe kwa shangazi. Shangazi akafariki, boma lake likabaki bila mtu, ikabidi nimlete mama haraka. Hapo ndipo shida ilipoanzia, maana kwetu Wakurya mama mkwe hakai nyumba moja na mkwe wake. Hawapiti mlango mmoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Tunaita ensoni, ni aibu ya heshima. Mgeni wa mkoa mwingine atacheka. Sisi hatucheki. Mume wangu alisema, "Mama aje, ni haki yake. Lakini mimi nitapita wapi na ndoo yangu ya kuoga?"

Kwa hiyo mama alihitaji chumba chenye mlango wake na paa lake, mlango utazame kando, kisiungane na nyumba yetu. Mbele tulikuwa na barabara, nyuma jiko na choo, kulia ukuta wa jirani. Kushoto, ng'ambo ya mpaka wetu wa minyaa, kulikuwa na utepe mpana wa majani ulioshuka moja kwa moja mpaka bondeni. Hakuna aliyejenga pale, hakuna aliyelima. Mtu yeyote aliyezaliwa kwenye ng'ombe akiona kitu kama kile anajua ni nini. Ni njia ya ng'ombe, ile ya kushukia majini. Na njia ya ng'ombe ikiachwa, ng'ombe wakipata njia nyingine, majirani wa pande mbili wanaigawana nusu kwa nusu. Ndivyo baba zetu walivyofanya, na hakuna aliyewahi kuwaita wezi.

Hatukujichukulia lakini. Tulimwita aliyetuuzia kiwanja, tukamwita mwenyekiti wa mtaa, tukamwita jirani wa ng'ambo. Tukachinja mbuzi, maana kwetu aliyekula nyama ya mpaka ndiye shahidi. Muuzaji alikanyaga yale majani kwa mguu wake, akasema babu yake alipitisha ng'ombe hapo. Mwenyekiti akang'oa mche wa minyaa, akausogeza katikati ya utepe, akaupanda kwa mkono wake, akapiga udongo kwa kisigino.

"Jenga, mama," aliniambia. "Ng'ombe wenyewe siku hizi wanapanda gari."

Wakacheka. Jirani alikuwa bado anatafuna ini.

Kulikuwa na mifuniko ya zege kwenye yale majani, mmoja hapa, mwingine mbali kule chini. Niliuliza ni ya nini. Muuzaji akasema ni mambo ya wapima ardhi. Nikaridhika. Nilianikia wimbi la uji juu ya ule mfuniko wa karibu, nikafurahi kwamba unakausha vizuri.

Fundi aliyechimba msingi alitoka Shinyanga, alishapita machimboni kabla ya kushika mwiko. Alichimba asubuhi moja akamaliza. Nikamsifu kwa wepesi wa mkono. Baadaye, mambo yalipoharibika, nilimuuliza kama hakuona chochote.

"Niliona udongo umechanganyika," akasema. "Mwekundu na mweusi. Ardhi iliyowahi kufukuliwa."

"Mbona hukusema?"

"Mama, mimi niliitwa kuchimba, sikuitwa kusema."

Mama alihamia. Nilimwekea kitanda dirishani, na kigoda nje ya mlango wake. Mume wangu akawa anamsalimia kutoka pembeni ya nyumba, uso ameugeuzia barabarani, na mama anajibu akiwa amejifunika kanga, wote wawili wameridhika kabisa. Nilipika chungu kimoja nikakigawa milango miwili. Nilijiona nimemaliza kazi ya dunia.

Wakati huo bomba la maji taka ya mji lilikuwa limelala chini ya kitanda chake, kavu. Lililazwa kabla sisi hatujafika, likaachwa miaka bila kutumika, majani yakaota. Halafu mradi wa hilo bomba ukafufuka. Siku moja mama akaniambia anasikia maji yanatembea chini. Nilidhani ni uzee. Kisha ikaja harufu. Kisha mvua zikaanza, na ule mfuniko wangu wa wimbi ukanyanyuka kidogo upande mmoja, na kilichotoka pale sitakiandika. Kiliingia kwa mama chini ya mlango. Nilimkuta amekaa kitandani ameinua miguu kwa mikono yake, anatazama kandambili zake zikielea.

Watu wa bomba walikuja baada ya hapo. Kijana mwenye buti za mpira alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, akachora alama nyekundu kwenye ukuta wa mama. Hata wa kubomoa siku hizi ana adabu.

"Mama yangu, nyumba yako kubwa haina tatizo," alisema. "Ni hiki kichumba. Hii ni njia ya bomba, hairuhusiwi kujenga. Mhamishe bibi alale sebuleni, basi, mbona rahisi."

Nilimweleza habari ya mkwe. Alitoka mkoa mwingine, akamwangalia mwenzake, wakatabasamu.

"Mkibomoa wenyewe mtaokoa tofali na bati," akasema. "Tukija na mashine, hatuchagui."

Nilikwenda kwa mwenyekiti. Nilimkuta anakunywa chai. Nilimkumbusha mche wa minyaa alioupanda kwa mkono wake.

"Mimi nilishuhudia mpaka," alinijibu. "Bomba sikulishuhudia. Lipo chini."

"Ulikula mbuzi wangu."

"Tulikula wengi, mama."

Muuzaji alikuwa amehamia Sirari, anavusha bidhaa kwenda Kenya, ulimi wake umeshavuka mpaka kabla yake. Kwenye simu aliniambia, "Mathe, hiyo shamba ilikuwa ya guka yetu, yule babu, hayo mambo ya sewa mimi sijui, ongea na hao watu wa serikali." Akakata. Nikipiga sasa haiiti. Jirani wa ng'ambo yeye alikuwa hajajenga nusu yake, kwa hiyo akasema tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi. Majina yao siyaandiki, ila wanajijua, na mtaa mzima unawajua.

Nilifika hata ofisini kwa wenye bomba. Walinionyesha ramani. Ramani ni mistari, na mimi mistari haisemi nami. Nilichoona ni kwamba hakukuwa na mama yangu mle.

Tulikibomoa wenyewe. Mume wangu alishusha bati, mimi na fundi yule yule tukatoa tofali. Tulichomewa na maadui, hapo nilijua wa kumlaani. Safari hii nyundo ilikuwa mkononi mwangu, na mama amekaa kwenye kigoda jua kali akinihesabia kwa sauti tofali zilizotoka nzima, akidhani ananisaidia.

Sebuleni alikataa. Hata kutazama hakutazama. "Unataka nimvue mumeo heshima?" aliniuliza. Mahali pa kujenga kingine hapakuwepo. Kilichobaki ni jiko la nje, la udongo. Sasa analala humo, kati ya mafiga na ukuta mweusi, mtu ambaye akisikia kuni zinalia anashtuka. Nimeacha kuwasha moto ndani. Napika nje, mvua ikinyesha tunakula viporo. Na kwa kuwa mlango wa jiko unatazama njia ya chooni, mume wangu akitaka kwenda chooni anazunguka kwa jirani. Hajalalamika. Ningependa alalamike.

Juzi mama alinishika kanga. "Nirudishe Machochwe."

"Kule hakuna mtu, mama. Nyumba ya shangazi imeanguka upande."

"Ina upande mwingine."

Nilimwambia tungoje mvua ziishe, barabara zikauke. Alikubali, akafunga nguo zake kwenye mfuko wa salfeti, akauweka karibu na mlango.

Mvua zimeisha. Bodaboda wanapita tangu asubuhi, na kila anayepunguza mwendo, mama anachungulia.