Samaki Nisiowavua

Iko siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka hata nisipotaka. Ni siku mama mkwe wangu aliponishikia kichwa cha samaki mbele ya uso, akaniuliza kidonda kiko wapi. Nitafika huko. Lakini kwa kuwa umekuja na simu yako kunionyesha picha ya kayaki unayotaka kununua, na unaniuliza kama inalipa, kaa hapo kwanza unisikilize.

Nami nilikuwa nayo. Wakati huo nilikuwa na duka la vitenge hapahapa Kariakoo, miaka thelathini na ushee, ndevu zimejaa na akili bado. Kayaki yenyewe, kimtumbwi cha plastiki cha mtu mmoja, rangi ya chungwa, niliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Tulikaa ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba, basi kila Jumapili alfajiri nikiishusha nyumba nzima inaamka. "Jamani, jeneza la nani hilo?" majirani wananikejeli. Chini nakodi guta la kubebea mizigo, tunaenda nalo hadi ufukweni.

Sikufichi, utamu upo. Ukiwa peke yako juu ya maji, makelele ya Kariakoo yamebaki nyuma, hakuna anayekuomba umpunguzie bei, moyo unatulia. Na samaki akivuta mshipi ukahisi uzito wake mkononi, wallahi utacheka mwenyewe kama chizi. Lakini gharama nayo ipo. Mgongo unauma mpaka Jumatano, chumvi inakupasua midomo, na mkondo ukikushika unapiga kafi saa nzima ufuko uko palepale. Tena mara nyingi, mwanangu, unarudi mikono mitupu.

Hapo pa mikono mitupu ndipo nilipoharibu. Mara ya kwanza nilipata samaki wawili aina ya changu, nikampelekea mama mkwe, Bi Mwanahawa, kwake Ilala. Yeye ni mtoto wa wavuvi wa Kigamboni, samaki amekua nao. Akanisifu mbele ya watu wote. Wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jumapili iliyofuata sikupata kitu, nikaona haya kwenda hivihivi. Nikapitia soko la samaki la Feri, nikanunua changu watatu, nikawaosha kwa maji ya bahari barafu iwatoke, nikaenda nao kifua mbele. Nikasifiwa tena. Ukawa ndio mchezo wangu kwa miezi.

Sasa, mke wangu ana mdogo wake, Salumu, fundi cherehani pale Mchikichini. Kazi yake kupunguza suruali za mitumba na kubadilisha zipu. Mtu mpole, ana mke na watoto wawili, na kila Jumapili alikuwa anawatazama samaki wangu kwa macho ya kutamani. Siku moja akanifuata dukani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Vipi, mbona mapema hivi?"

"Shemeji, niambie ukweli. Nikipata chombo kama chako, nitalisha watoto?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema, mwanangu. Neno moja tu: hapana. Dukani tulikuwa wawili, hakukuwa na wa kunisikia. Lakini nikaona nikisema hapana itabidi nieleze kwa nini. Nikamjibu, "Riziki ipo tele baharini, shemeji. Ni moyo wako tu."

Akauza cherehani. Akatafuta kayaki kuukuu, akaipata, akaingia majini. Wiki ya kwanza hakuambulia kitu. Ya pili alipata visamaki vya kumpa paka. Na mimi, loo, nikaendelea kuleta wangu wa Feri, eti namtia moyo! Maskini akaamini kasoro ni yake, kwamba haendi mbali vya kutosha. Jumapili moja akaenda mbali. Mkondo ukamchukua. Alipiga kafi mpaka viganja vikachunika, na alasiri ndipo wenye mashua ya injini walipomwona wakamwokoa. Kayaki iliachwa hukohuko.

Mimi sikuwa na habari. Jioni hiyo nilifika kwa Bi Mwanahawa nikamkuta Salumu amelala mkekani, viganja vimefungwa vitambaa. Nami nimebeba samaki. Hata siku hiyo, mwanangu, nilikuwa nimewabeba! Mama mkwe akapokea mfuko, akamtoa changu mmoja, akanishikia kichwa chake usoni.

"Samaki wa ndoana ana kidonda mdomoni. Wa huyu kiko wapi?"

Nikajifanya namkagua samaki.

"Nimejua tangu yule wa kwanza uliyemnunua," akasema, na hakupaza sauti. "Nikakusitiri. Mkwe hafedheheshwi kwa ajili ya kitoweo. Nilidhani huyu kauza cherehani kwa akili zake. Leo ndio kaniambia ni wewe. Basi mweleze mwenyewe, mimi sikusemei."

Nikamweleza, macho chini. Nilitaka anitukane, ningemshukuru. Salumu akageukia ukuta, akauliza, "Hata siku ile nilipokufuata dukani?"

"Hata siku ile."



Nilimnunulia cherehani nyingine. Usinisifu. Wateja wake walikuwa wameshahamia kwa mafundi wengine, na ilimchukua muda mrefu kuwarudisha. Mpaka leo nikipita Mchikichini ananiamkia kwa heshima, ananiuliza hali ya nyumbani. Lakini hajaniuliza tena ushauri wa jambo lolote. Alipoozesha binti yake wa kwanza, mimi shemeji yake sikuitwa kikaoni. Nililetewa kadi ya mwaliko kama mtu baki, na sikuwa na mdomo wa kulalamika.

Basi nakwambia hivi. Kayaki nunua, ukipenda. Vaa jaketi la kuokolea, mwambie mtu unakokwenda, na kazi inayokulisha usiiache. Siku bahari ikikunyima, ingia nyumbani useme imekunyima. Watakucheka, waache, kicheko hakiui. Na mtu anayekuamini akikuuliza ukweli, mpe siku hiyohiyo, hata kama unakuvua nguo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na aliyetembezwa ni mwenzangu.

Nenda, mwanangu. Mola akulinde majini na nchi kavu, akupe riziki ya halali, na watu wako wasiache kukuuliza neno. Amina.